Uzi: Kujitengenezea meza ya mbao nzito za zamani ukiwa hujawahi kushika randa (Tabora, Kigoma na jirani)

Mleta mada

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna jambo linaniuma na nimeona nililete hapa. Nyumba za zamani hapa Tabora mjini, pale Kanyenye, Gongoni na Ng'ambo, zinabomolewa kila kukicha kupisha fremu za biashara. Boriti zake zinaishia wapi? Kwa mama lishe kama kuni, au kwenye tanuru la tofali. Mninga uliokaa juu ya dari tangu enzi za babu zetu, mkavu, mzito, haujapinda hata kidogo, unatiwa moto asubuhi na mchana umeshakuwa majivu. Vijijini nako mabani ya tumbaku, yaani mabanda ya kukaushia tumbaku, yakichakaa yanavunjwa, na mihimili yake inakwenda njia hiyohiyo.

Mbao hizo zinatoa meza ya kulia chakula itakayotumiwa na wajukuu. Na huhitaji kuwa fundi. Mimi kazi yangu ni nyingine kabisa. Useremala nilionyeshwa na mzee mmoja wa Cheyo mwenye randa yake ya mti, na nimeshatengeneza meza za nyumbani kwangu na za ndugu. Uzi huu ni kwa ajili ya mtu anayeanza kutoka sifuri.

Nianze na hili kabla ya mengine: kwenye meza ya namna hii kazi kubwa iko kabla ya msumeno. Kuchagua, kung'oa misumari, kukausha. Ukiyafanya hayo kwa utulivu, kuunga ni kazi ya kawaida tu. Ukiyarukia, hata uwe na mashine za aina gani meza itapinda au itapasuka mvua za kwanza zikianza.

Mbao ipi uchukue, ipi uiache

Kwa huku kwetu mti wa kwanza ni mninga. Sifa yake kubwa si rangi, ni utulivu: ukishakauka hauvimbi wala kusinyaa sana, ndiyo maana milango ya mninga ya zamani mpaka leo inafunga vizuri. Mkora ni mgumu na mzito zaidi, mzuri mno kwa miguu, ila utakuchosha mikono. Mtundu na myombo utakutana nayo sana kwenye mihimili ya nyumba za tembe. Ina nguvu lakini hupenda kujinyonga, kwa hiyo itumie kwa miguu na pau (mbao za chini ya uso zinazounganisha miguu), usiitumie kwa uso wa meza kama una namna nyingine.

Utautambuaje mninga chini ya moshi na vumbi la miaka yote? Kwangua kidogo kwa kisu. Kiini chake ni kahawia yenye wekundu, mara nyingi na michirizi iliyokolea, na pembeni kuna tabaka la rangi nyeupe ya manjano. Hilo tabaka la pembeni likumbuke, nitalirudia.

Sasa vya kuacha. Nguzo za umeme zilizochakaa, hata ukipewa bure, ziache. Za kijani zimetiwa dawa yenye shaba, kromu na aseniki, na aseniki ni sumu. Nyeusi zimelowekwa kriosoti, dawa itokanayo na lami. Hizo si za kulia chakula, wala si za kuchoma jikoni. Milango na fremu za nakshi za zamani nazo ziache zilipo: vitu hivyo viko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na hata kisingekuwepo kifungu chochote, mlango wa nakshi ni wa kutunzwa, si wa kukatwa miguu ya meza.

Jambo la karatasi. Ukinunua mbao kwa mtu anayebomoa, chukua risiti au maandishi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji. Kabla ya kupakia kwenye gari kwenda wilaya nyingine, pita ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) uulize unatakiwa kuwa na nini. Kwenye kizuizi cha mazao ya misitu, maelezo kwamba "hizi ni za nyumba ya marehemu babu" hayana uzito bila karatasi.

Naendelea baadaye, wenye maswali karibuni.

Mdau wa Isevya

Mkuu ahsante kwa uzi. Vipi mataruma ya reli? Kuna jamaa anasema anaweza kunipatia kwa bei nzuri, na nimeona picha mitandaoni watu wa nje wanatengenezea meza, zinapendeza.

Mleta mada

Ndugu yangu, achana nayo, kwa sababu mbili.

Kwanza ni mali ya reli, na anayekuuzia pembeni hana haki ya kuuza. Kesi ya kuhujumu miundombinu ya reli usiitafute kwa ajili ya meza.

Pili, hata upate kihalali kwa mnada, taruma la mbao limelowekwa kriosoti, ile dawa nyeusi itokanayo na lami ya makaa ya mawe. Inashukiwa kusababisha saratani, inaunguza ngozi, na haiishi: miaka mingi baadaye taruma likipigwa jua linatoa jasho jeusi na harufu. Kuliranda hakusaidii kwa sababu dawa iliingizwa ndani kwa mgandamizo. Hizo picha za nje, baadhi huenda ni mataruma ya miti migumu ambayo hayakutiwa dawa.

Isitoshe, kwetu mataruma ya mbao si mengi kama watu wanavyodhani. Reli ya Kati ilipofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, Wajerumani waliilaza kwa sehemu kubwa juu ya mataruma ya chuma. Mchwa wa nchi hii walikuwa wanajulikana.

Mdau wa Ujiji

Salaam wakuu. Sisi huku Kigoma hatuna mabani, tuna mitumbwi na maboti. Kibirizi na Katonga kuna maboti mabovu ya dagaa yamelala ufukweni, mengine mbao zake ni nene nzuri sana. Yanafaa? Na wazee huku wanapaka mawese kwenye mbao, vipi nikipaka meza?

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu kama umenizidi, na kama ni rika basi salaam.

Mbao za boti zinafaa, na zina bahati moja: maji ya Tanganyika ni baridi, hayana chumvi. Mbao za jahazi za pwani hubeba chumvi ndani na chumvi huvuta unyevu maisha yake yote. Zako hazina tatizo hilo. Ila zitazame kwa macho manne:

Sehemu iliyokuwa inakaa chini ya injini au kwenye sakafu ya boti imeshiba dizeli na oili. Gundi haishiki hapo na vanishi itajikunja. Kata kipande, randa kidogo, nusa. Ukisikia injini, hiyo itafaa kwa kazi nyingine, si ya meza ya kula. Harufu ya dagaa yenyewe huondoka ukiranda na kuanika.

Kingo zina kalafati, zile nyuzi zilizoshindiliwa kuziba maji. Itoe yote kwa patasi kuukuu, halafu kata ukingo mpaka ukutane na mbao safi. Na ubao wa boti umepindwa kwa makusudi kufuata mbavu, kwa hiyo utumie kwa vipande vifupi. Usilazimishe ubao wa futi sita uliopinda ulale bapa, utakusubiri siku moja urudi ulikotoka.

Mawese usipake. Mawese ni mafuta yasiyokauka. Yatabaki yananata, yatashika vumbi na mwisho yataanza kunuka. Alizeti vilevile haikauki inavyotakiwa. Habari ya kupaka inakuja.

Kung'oa misumari

Hapa ndipo mtu anayeanza anapoharakisha. Nawaomba msiharakishe. Msumari mmoja uliofichika unatosha kung'oa meno ya msumeno wa mashine na kumjeruhi aliyesimama karibu. Ndiyo sababu wenye karakana wengi wakiona mbao kuukuu wanakataa kuzipitisha kwenye mashine, na wana haki.

Tafuta sumaku ya spika bovu la redio. Ifunge uzi, iache ining'inie karibu kabisa na mbao, kisha itembeze taratibu kwa mistari, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Penye chuma itageuka na kuvutwa, hata kama kichwa cha msumari kimeoza na hakionekani. Weka alama ya chaki. Jicho nalo lina kazi: msumari uliokaa muda mrefu kwenye mti kama mninga au mkora huacha doa la bluu iliyoiva kuelekea weusi kulizunguka tundu, kwa sababu kutu hukutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mti. Ukiona doa bila msumari, chimba kidogo, huenda umekatikia ndani.

Msumari uliotokeza upande wa pili unaupiga nyuma kwanza kwa nyundo, unatoka kichwa, ndipo unaushika kwa mtaimbo mdogo ukiwa umeweka kipande cha mbao chini yake usiumize uso. Uliokatika toboa pembeni yake kwa keekee mpaka koleo ipate pa kushika. Ukimaliza yote, pitisha sumaku tena. Matundu na madoa yaache. Hayo ndiyo uzuri wa meza hii, na mtu akitaka meza isiyo na doa akanunue ya kiwandani.

Rangi ya zamani: iliyopakwa miongo mingi nyuma inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiipige msasa ikiwa kavu. Ilowanishe, ikwangue kwa kikwangulio, watoto wakae mbali, makombo yafunge kwenye mfuko. Vaa barakoa kazi yote, maana hata vumbi la mninga wenyewe huwaletea baadhi ya watu kikohozi na pua kuwasha.

Binti wa Urambo

Kaka samahani, mimi nina boriti mbili za banda la bibi, ni mninga kweli, ila zinatoa unga mweupe mlaini chini. Nizitupe?

Mleta mada

Dada, usizitupe bado. Hao ni bungua, wadudu wanaotoboa na kula mbao. Zigonge vizuri unga wote utoke, kisha zilaze juu ya kitambaa cheusi usiku kadhaa. Unga mpya ukionekana, wamo na wanakula. Usipoonekana, walishaondoka zamani.

Sasa lile tabaka jeupe la pembeni. Bungua wa aina hiyo wanakula hilo tu, kwenye kiini cha mninga hawana hamu. Kwa hiyo mara nyingi dawa ni msumeno: pasua upande mweupe wote uondoke, uuchome palepale, ubaki na kiini. Baada ya hapo chomeka kisu. Kikiingia kwa urahisi mpaka katikati, hiyo boriti imekwisha. Kikigoma, una meza.

Kukausha

Watu wananiambia, "lakini hizi ni za miaka hamsini, si zimekauka?" Zilizokuwa ndani ya nyumba, chini ya bati, ndiyo. Iliyolala uwanjani ikanyeshewa misimu kadhaa imekauka ngozi tu. Boriti ya inchi nne kwa nne huficha maji katikati kwa muda mrefu sana.

Panga mbao kivulini penye upepo, juu ya matofali, na kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vya unene mmoja vikiwa vimenyooshana wima toka chini hadi juu. Vijiti vikipishana, mbao itajifunza kupinda. Ncha za mbao zipake rangi nzito au nta, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha, na ndipo nyufa zinapoanzia. Usianike juani. Kiangazi chetu cha Mei hadi Oktoba kinakausha hata kivulini.

Utajuaje imekauka bila kipimo? Chukua kipande kutoka katikati ya mbao hizohizo, kipime kwenye mzani wa dukani kila wiki, uandike. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi.

Fundi wa Gungu

Mkuu umeeleza vizuri. Mimi ni seremala. Naongezea tu kwamba huo mninga wa zamani ukiuranda utakutesa, nyuzi zake zinapishana, randa inanyofoa. Watu waende mashine ya kuranda wamalize kazi, haya ya mkono ni kujitesa.

Mleta mada

Fundi, shukrani kwa kuja, uzi unahitaji watu kama wewe. Kwenye kunyofoa uko sahihi kabisa. Kwenye mashine tunatofautiana kidogo. Mwenye mashine atakayekubali, na mbao ikiwa haina misumari, apitishe upande wa chini na kingo za kuungia, hizo lazima zinyooke. Ila uso wa juu ukipitishwa mashine mpaka uwe mweupe wote, umefuta alama za tezo na rangi ya miaka yote, na hapo mbao ya zamani imekuwa sawa na mpya ya dukani. Mimi uso wa juu nauondolea uchafu na ncha zinazochoma tu.

Kwa anayeranda kwa mkono: noa mpaka chuma kinyoe nywele za mkono, toa chuma kidogo sana, na usukume randa kwa mshazari badala ya kufuata nyuzi moja kwa moja. Panapokataa kabisa, tumia kikwangulio cha bamba la chuma.

Kabla ya kuranda angalia mnyongo. Weka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho wa ubao, chuchumaa utazame juu ya cha karibu ukilinganisha na cha mbali. Kona moja ikiwa juu, ubao umejinyonga, na hiyo kona na ile inayotazamana nayo kimshazari ndizo za kupunguza.

Vipimo na kuunga

Kwa watu sita: futi sita kwa futi tatu, urefu kwenda juu inchi 30. Uso wa inchi mbili, pau za chini ya uso inchi nne, hapo magoti yanabaki na inchi 24. Usizidishe upana wa pau kwa kutaka uimara, utakaa umebana mapaja. Unene wa miguu inchi nne kwa nne. Uso wa vipimo hivyo kwa mninga unapita kilo 50 peke yake, kwa hiyo amua mapema kwamba uso utafunguka kutoka kwenye miguu, la sivyo hautapita mlangoni.

Pau na miguu viunge kwa shimo na ulimi: ncha ya upau inachongwa ulimi unaoingia kwenye shimo la mguu. Misumari haitoshi kwa uzito huu. Ulimi uwe unene wa theluthi moja ya upau. Chimba mashimo kwanza, kisha kata ulimi ufuate shimo, maana ulimi unapunguzika kwa patasi lakini shimo likishapanuka halirudi.

Sasa kufunga bila klempu (vibanio) kubwa, ambazo wengi hatuna. Toboa tundu la milimita 10 kwenye mguu likipita katikati ya shimo. Ingiza ulimi mpaka mwisho, weka alama ya kitovu cha tundu juu yake, uutoe. Tundu la ulimi usilitoboe kwenye alama, litoboe milimita moja na nusu hadi mbili kuelekea bega la ulimi, yaani pale ulimi unapoanzia. Ukirudisha, matundu yanapishana kidogo. Chonga kigingi cha mkora mkavu chenye ncha nyembamba, kigonge. Kikipita kinauvuta ulimi ndani mpaka bega linabana mguu kwa sauti unayoisikia. Kiungo hicho hakilegei hata gundi ikichoka.

Uso unaungwa kwa gundi, ubao kwa ubao, kingo zikiwa zimenyooka hadi mwanga usipite. Lakini uso na pau usivigandishe kwa gundi wala kuvifunga kwa skrubu zisizo na nafasi! Tabora mvua zikianza Novemba mbao hunywa unyevu na uso hupanuka kwa upana milimita kadhaa, kiangazi unasinyaa. Ukiuzuia, utapasuka katikati kwa kishindo. Tumia vipande vidogo vya mbao vyenye ulimi unaoingia kwenye mfereji uliochongwa ndani ya pau, na skrubu inaingia kwenye uso tu. Uso unatembea, vipande vinaushikilia usiinuke.

Ufa wa zamani ulio mwishoni mwa ubao si lazima uukate. Chonga kipande chenye umbo la kipepeo, kipandikize kukatiza ufa, hautaendelea.

Kupaka

Msasa namba 80, 120, 180, basi. Vanishi ni imara kwa nyumba yenye watoto wengi: mikono mitatu, yaani upake mara tatu, wa kwanza umezimuliwa kwa thina. Ila sufuria la ugali la moto litaiachia alama nyeupe, na kurekebisha kunataka upige msasa uso mzima.

Mimi napenda mafuta ya kitani (linseed) na nta, na nta tunayo, mkoa huu ni wa asali. Sehemu moja ya nta kwa tatu za mafuta kwa uzito, yeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Mafuta matupu kwanza, yaache yaingie, futa yanayobaki, subiri yakauke, rudia, ndipo mchanganyiko wa nta. Ikichubuka unapaka palepale tu.

Tahadhari kubwa: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivifumbate kwenye kona. Yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje vikauke, au viloweke majini.

Mdau wa Isevya

Nimeachana na mataruma mkuu, nimepata boriti za Kanyenye, na maandishi ninayo. Swali la mwisho: nitafanyaje kama nimemaliza na meza inacheza miguu?

Mleta mada

Safi sana! Kwanza hakikisha ni meza na si sakafu: igeuze kidogo, ukiona mguu unaocheza umebadilika, tatizo ni sakafu.

Kama ni meza, isimamishe penye sakafu bapa kabisa. Chomeka vipande vyembamba chini ya miguu mpaka uso ulale sawa kwa pima maji, pande zote mbili. Kisha chukua kibao kidogo chenye unene unaozidi kidogo mwanya mkubwa kuliko yote, kilaze sakafuni, na juu yake lalisha penseli. Zungushia kila mguu pande zote nne. Ulaze meza, kata kwa msumeno wa meno madogo ukifuata mstari, nusu ya mstari ibaki.

Halafu punguza ncha za chini za miguu kwa patasi pande zote, zisipasuke meza ikiburutwa. Na ule mkato wa chini upake nta ya moto mara mbilitatu mpaka ukatae kunywa, kwa sababu maji ya kudekia huingilia hapo.